Kabla ya ekari, tuta

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Arusha ikiwa imeingia mpaka kwenye mifupa, mpwa wangu alikuja kunitembelea kutoka Dar es Salaam. "Shikamoo mjomba," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba simu ilikuwa imeshatoka mfukoni. Chai aliyowekewa ilipoa mezani.

Nikavaa miwani. Kwenye kioo cha simu palikuwa na hesabu iliyopangwa vizuri kama risiti ya duka. Ekari moja, miche 20,000. Kila mche, nusu kilo. Kila kilo, shilingi 10,000. Jumla, shilingi milioni 100. Chini ya hesabu palikuwa na picha ya tunda jekundu, nene kama yai la bata, limelowa umande.

"Stroberi, mjomba," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mchumba.

Nilimuuliza swali moja tu: umewahi kupanda nini? Akacheka. Aliwahi kupanda maharage kwenye kopo akiwa darasa la tatu, na maharage yale yalikufa wakati wa likizo.

Ushauri wangu haukuingia. Alikopa, akakodi robo ekari upande wa Ngaramtoni, akanunua miche 5,000 kwa muuzaji aliyempata mtandaoni, akamweka kijana wa kumwagilia, kisha akarudi Dar es Salaam kulisimamia shamba kwa simu. Mwezi wa kwanza alitumiwa picha za kijani tupu. Mwezi wa pili zikaanza kuja picha za majani yaliyojikunja. Mwezi wa tatu kijana akaacha kupokea simu. Tulipokwenda kuangalia, tulikuta miche imezikwa mpaka shingoni kana kwamba ni mihogo, na maji yametuama kati ya mistari. Ukishika mche majani yanabaki mkononi, na ukiupasua katikati unakuta umeoza, rangi ya kahawia yenye wekundu. Wahenga walishamaliza: asiyekuwepo na lake halipo.

Simulizi hii sikuileta ili tumcheke kijana. Kuna watu wazima wenye ndevu za mvi wamepita njia hiyo hiyo. Kila baada ya miaka michache tunaletewa kiumbe kipya cha kututajirisha: leo sungura, kesho matikiti, keshokutwa papai. Majirani zetu wa Kenya hawajasahau homa ya kware ya 2013 na 2014, mayai yake yaliposifiwa kuwa ni dawa ya kila kitu, bei ikapanda, kila ua ukawa na kibanda cha kware, kisha soko likaporomoka na wafugaji wakabaki na ndege wasio na mnunuzi. Hesabu za simu hazina konokono, hazina mvua ya mawe, hazina kijana asiyepokea simu. Ndiyo maana siku zote zinatoka na faida.

Msimamo wangu ni huu. Stroberi ni zao zuri mno la kulima nyumbani, na ni zao baya mno la kuanzia ukulima wa biashara. Anayetaka ekari ya stroberi alime kwanza tuta moja, kwa mikono yake, mwaka mzima. Na asiyetaka ekari kabisa, mwenye ua na mlango wa jikoni tu, huyo ndiye stroberi inamfaa kuliko mtu yeyote.

Tuta langu liko hatua nane kutoka jikoni. Lina urefu wa mita 3, upana wa mita 1.2, na limeinuliwa sentimita 25 juu ya njia ili maji ya masika yapite pembeni. Upana haukutoka kitabuni. Ni kipimo cha mkono wa mke wangu: akichuchumaa upande mmoja anafika katikati bila kukanyaga udongo. Kuna mistari mitatu, na kutoka mche hadi mche ni sentimita 30. Miche kumi kwa mstari, jumla thelathini.

Kabla ya kupanda tulitifua kwa uma mpaka chini, tukang'oa sangari na mizizi yake yote, tukachanganya samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi sita mpaka ikapoteza harufu na kuwa nyeusi kama unga wa kahawa. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta magugu ya bure. Mahali penyewe tulipachagua kwa kukumbuka: hapakuwa na nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili hoho kwa miaka kadhaa, kwa sababu mimea hiyo hushiriki na stroberi maradhi ya mnyauko yanayojificha udongoni.

Kosa langu la kwanza lilikuwa majivu. Mama yangu alimwaga majivu ya jikoni kwenye kila kitu, na migomba na mboga zake zilimshukuru. Nikafanya kama mama. Stroberi hazikushukuru. Mmea huu unapenda udongo wenye uchachu kidogo, kipimo cha pH kati ya 5.5 na 6.5, na majivu kazi yake ni kuondoa uchachu. Majani machanga yakageuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani, kama ramani ya mito. Mimi nikadhani ni njaa, nikaongeza samadi. Yalizidi kuwa manjano. Udongo ulikuwa na madini ya chuma ya kutosha, lakini kwa kuwa uchachu ulikuwa umepungua, mizizi haikuweza kuyachukua. Ilinichukua msimu mzima kuelewa hivyo, na hasara yangu ilikuwa miche thelathini ya kwanza. Ingekuwa ekari, ingekuwa nyumba.

Kosa la pili ndilo lililoua shamba la mpwa wangu. Mche wa stroberi hauna shina la kuonekana. Una kigutu kifupi kigumu, chini yake inashuka mizizi na juu yake yanachomoza majani. Wataalamu hukiita taji. Kwangu tunakiita moyo. Elimu yote ya kupanda stroberi imo hapo: moyo ukae usawa wa udongo. Ukiuzika, unaoza. Ukiuacha juu, mizizi inakauka. Chimba shimo, weka kichuguu cha udongo katikati, ukalishe mche juu yake kama mtu aliyekaa kwenye kigoda, mizizi ishuke pande zote, kisha fukia na ubane kwa vidole. Fanya kazi hiyo jioni, jua likiwa limepoa, halafu mwagilia.

Wengi huishia hapo, na hapo hapatoshi. Usiku ule maji hushusha udongo. Asubuhi utakuta mche huu umezama na ule umebaki juu. Sisi wawili tulipanda miche thelathini kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi, na kesho yake asubuhi tulirekebisha saba. Yule kijana wa Ngaramtoni alipanda 5,000 kwa siku mbili. Nani angepita kukagua mioyo 5,000?

Wiki ya nne au ya tano maua meupe yanachomoza, na hapa mtu anajaribiwa. Ni maua mazuri, petali tano na kitovu cha njano, na kila ua ni ahadi ya tunda. Yakate. Mche mchanga ukiachiwa uzae, hutumia nguvu zake zote kwenye tunda moja dogo, na mizizi inabaki mifupi. Niliyakata yote, mjukuu wangu akinifuata nyuma kuyaokota na kuniuliza nina ugomvi gani nayo. Nilimjibu kwa methali ambayo naye anaijua, mvumilivu hula mbivu. Maua ya awamu ya pili niliyaacha, na kutoka ua kufunguka mpaka tunda kuwa jekundu ilikuwa kama mwezi mmoja.

Kinachofuata si kazi kubwa, ila ni kazi ya kila siku. Kiangazi tuta langu hunywa karibu lita 90 kwa wiki, yaani madumu manne na nusu ya lita 20, na maji hayo humwagwa asubuhi, chini, kwenye udongo. Ukimwagilia juu ya majani na matunda unaualika ukungu wa kijivu, ule unaolivika tunda manyoya kama ya panya na kuhamia kwa jirani yake kwa siku mbili. Chini ya matunda tumetandaza nyasi kavu, kwa sababu tunda linalolala kwenye udongo wenye unyevu halifiki kesho. Kwa konokono natega kisosi cha machicha ya mbege, ile pombe ya ndizi, nimekizamisha usawa wa ardhi: harufu ya kilichochacha inawaita, wanaingia, hawatoki. Jirani yangu, ambaye mbege anaijua kwa upande mwingine, anaona ni ufujaji.

Ndege ni habari nyingine. Hapa kwetu adui mkubwa ni kuzumburu, yule wa kijivu mwenye kishungi na mkia mrefu anayetembea kwenye matawi kama panya. Huja kwa makundi, na hawali tunda wakalimaliza. Hudonoa hili, wakahamia lile. Nimefunika tuta kwa chandarua chakavu juu ya fito, lakini asubuhi nakikunja upande mmoja maua yakiwa yamefunguka, kwa ajili ya nyuki.

Habari ya nyuki inahitaji nafasi yake, kwa sababu ndani yake mna siri ya tunda lenyewe. Chukua stroberi uitazame kwa karibu. Vile vipunje vya njano vilivyobandikwa juu ya ngozi, ambavyo sote huviita mbegu, kila kimoja ni tunda kamili lenye mbegu ndani. Ile nyama nyekundu tunayoila ni kikalio cha ua kilichovimba. Msomaji wa Mtwara au Lindi hatashangaa, maana bibo analijua. Kwenye mkorosho tunda halisi ni korosho inayoning'inia nje, na bibo lenye maji ni kikonyo kilichonenepa. Stroberi ni bibo dogo lenye korosho zaidi ya mia.

Mwaka 1950 mtafiti J. P. Nitsch alifanya jambo ambalo mtoto yeyote mwenye kibanio anaweza kulirudia. Alibandua vipunje kwenye stroberi changa, na nyama ikagoma kukua. Alipoacha vichache, nyama ilivimba chini ya vile vilivyobaki tu. Kila kipunje kilichochavushwa hutoa homoni inayoiamuru nyama iliyo karibu nacho inenepe. Kwa hiyo ukiona stroberi imepinda, upande mmoja umejaa na mwingine umesinyaa, usilaumu mbolea. Upande ule uliosinyaa nyuki hakufika. Na kama hakufika, huenda mtu alipulizia dawa wakati wa maua. Hilo niliwahi kuliona kwenye ua wangu, wiki ambayo shamba la jirani lilipigwa dawa ya wadudu mchana kweupe. Mwezi uliofuata bakuli lilijaa stroberi zenye sura za tangawizi.

Sasa turudi kwenye ile miche 20,000 ya kwenye simu, kwa sababu historia ya tunda hili ina tarakimu nyingine ya kuwekwa kando yake.

Stroberi kubwa tunayoijua leo haikuwapo duniani miaka 300 iliyopita. Ulaya ilikuwa na stroberi za porini, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Mwaka 1712 mfalme Louis XIV wa Ufaransa alimtuma mhandisi wa jeshi aitwaye Amédée-François Frézier huko Amerika Kusini kupeleleza ngome za Wahispania. Pale Concepción, nchini Chile, Frézier aliona stroberi nyeupe zenye wekundu hafifu, kubwa kuliko zote alizowahi kuziona, ambazo Wamapuche walikuwa wamezilima kwa karne nyingi. Mwaka 1714 alirudi nazo. Safari ya bahari ilikuwa ya miezi sita, maji ya kunywa yalikuwa ya mgao, na miche iliyofika hai ilikuwa mitano.

Mitano hiyo haikuzaa. Ilikuwa majike, haikuwa na dume. Miaka ikapita mpaka wakulima wa Brittany walipoipanda karibu na stroberi nyingine iliyotoka Virginia, Amerika Kaskazini, chavua ikapita, na matunda makubwa yakatokea. Kutokana na ndoa ya Mchile na Mmarekani, iliyofungwa kwenye bustani za Ufaransa, kukazaliwa stroberi ya leo. Aliyeueleza ukoo huo kwa maandishi ni Antoine Nicolas Duchesne, mwaka 1766, akiwa kijana ambaye hajafika miaka ishirini. Hakuna aliyeanza na ekari. Ulimwengu mzima unakula kutokana na vyungu vya miche mitano iliyovuka bahari kwa maji ya mgao.

Na kuzidisha stroberi ni rahisi kuliko wauzaji wa miche wanavyotaka tujue. Inatambaa kama viazi vitamu. Mche ukishashiba hutoa marando, kila rando likiwa na kifundo kinachotoa majani juu na mizizi chini. Weka kikopo cha udongo chini ya kifundo, kibane kwa kijiti cha waya, ngoja wiki nne hivi, kata. Una mche mpya, sawasawa na mama yake. Mbegu yangu ni Chandler, aina iliyotolewa na Chuo Kikuu cha California mwaka 1983 na ambayo imezoeleka sana Afrika Mashariki, na kwa marando haina mchezo: mche mmoja mzuri hukupa mingine kumi na zaidi kwa mwaka. Ila usimwache mama atoe marando na matunda kwa pamoja. Yale usiyoyahitaji yakate, la sivyo utapata zulia la kijani na bakuli tupu. Na usimzeeshe: baada ya miaka mitatu matunda hupungua na kuwa madogo, anza tuta jipya mahali pengine kwa miche michanga.

Kuna jambo moja ambalo jiografia imetupa bure. Aina kama Chandler huota maua siku zinapokuwa fupi au hali ya hewa inapopoa. Uingereza siku za kiangazi ni ndefu mno, mmea unafunga duka, ndiyo maana huko stroberi ya shambani ina msimu wake na mashabiki wa tenisi wa Wimbledon huila na krimu kama ibada ya mwaka. Arusha iko nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Urefu wa mchana wetu hautofautiani hata kwa nusu saa kati ya Juni na Desemba. Mmea haupokei kamwe agizo la kuacha kuzaa kutoka kwenye jua, bora tu kuwe na ubaridi wa kutosha. Ubaridi huo unapatikana Arusha, Lushoto, Njombe, Mbeya, Limuru na Nyeri. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa haupo. Ndugu zangu wa pwani, nawaomba msihangaike. Joto la usiku wenu litaipa stroberi majani makubwa na maua ya kubahatisha. Mna embe, mna ukwaju, mna mabungo. Mtu hakosi heshima kwa kutolima tunda la baridi.

Wenye baridi lakini wasio na ua nao wana njia. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inabeba miche mitatu, na gunia lililojazwa udongo hubeba zaidi. Kinachohitajika ni jua kwa muda wa saa sita kila siku na mkono usiosahau.

Kwa nini basi nasema nyumbani ndiko mahali pake? Kwa sababu stroberi haivundikiki. Embe na ndizi huchumwa zikiwa ngumu, zikafukiwa au kufunikwa, na zikaendelea kuiva na kuongeza utamu. Stroberi ikikatwa kwenye kikonyo chake, sukari iliyonayo ndiyo hiyo hiyo mpaka mwisho. Inaweza kuzidi wekundu, isizidi utamu. Sasa mkulima anayepeleka mbali atafanyaje? Akichuma iliyoiva kabisa, itafika soko la mjini ikiwa uji. Kwa hiyo huchuma mabega yakiwa bado meupe, tunda likiwa gumu, nalo husafiri vizuri, hupendeza kwenye kipakiti, na hukatisha tamaa mdomoni. Watu wengi wanaosema stroberi ni chachu, wanasema kweli. Waliyoila ilichumwa kabla ya wakati wake na hakuna wa kumlaumu. Tunda linaloiva leo na kuharibika keshokutwa linataka mlaji aliye hatua nane tu.

Kuna na dawa. Ngozi ya stroberi ni laini, haimenywi, na wadudu wake ni wengi: utitiri mwekundu, vithiripi, ukungu wa aina tatu nne. Kulima nyingi mahali pamoja ni kuwaandalia karamu. California, kunakolimwa stroberi nyingi kuliko jimbo lolote la Marekani, wakulima walifukiza udongo kwa methili bromidi, gesi inayokula tabaka la ozoni, na ingawa dunia ilikubaliana kuiacha, wao waliendelea kuitumia kwa ruhusa maalumu mpaka 2016. Siwahukumu. Nataka tu ieleweke ni vita ya kiasi gani anayoingia mtu anayetoka mjini na hesabu ya simu. Kwenye tuta la nyumbani utitiri naushinda kwa maji: naugeuza upande wa chini wa jani, nanyunyizia kwa nguvu, narudia kila baada ya siku mbili. Jani lililoathirika sana nalikata na kulichoma. Kwa miche thelathini, hiyo ni kazi ya robo saa.

Najua nitajibiwa. Wapo wakulima wa stroberi wanaofanikiwa, nami nawajua wawili watatu, na nawavulia kofia. Lakini nimewauliza walianzaje. Mmoja alianza na miche ishirini aliyopewa na mwajiri wake, akauza kwa majirani miaka minne kabla ya kukodi shamba. Mwingine alikuwa mkulima wa maua, maji ya matone na vyumba vya baridi anavijua kama jina lake. Hakuna kati yao aliyejifunza kwa ekari. Walikuwa na wanunuzi kabla ya kuwa na matunda, na wanatengeneza jamu ya yale yasiyouzika siku hiyo. Biashara yao imesimama juu ya tuta, hata kama leo tuta halionekani.

Watanijibu tena kwamba vijana hawana kazi, na mzee anawakataza kuthubutu. Sikatazi. Nasema tuta ndiyo shule ya bei nafuu kuliko zote. Kosa la majivu lilinigharimu miche thelathini. Mpwa wangu kosa la moyo limemgharimu mkopo ambao bado anaulipa. Somo ni lile lile, ada ndiyo imetofautiana.

Tena tuta linampa mtu kitu ambacho hakuna muuzaji wa miche atampa: tarakimu zake mwenyewe. Nina daftari la kurasa arobaini, la shule, linaning'inia jikoni kwa kamba. Kila tunapochuma tunaandika tarehe na uzito kwa mizani ya keki ya mke wangu. Mwaka wa kwanza wa kuvuna miche yangu thelathini ilinipa kilo saba na ushei. Hiyo haifiki robo kilo kwa mche, yaani chini ya nusu ya ile nusu kilo ya kwenye simu. Na hapo ni mimi, mstaafu, niliyekuwa naiangalia asubuhi na jioni. Weka robo kilo badala ya nusu kilo katika hesabu ya mpwa wangu, toa zilizoliwa na kuzumburu, toa zilizooza barabarani, lipa kijana, lipa maji, lipa riba. Milioni 100 inayeyuka kama barafu ya koni.

Kilo saba hizo, kwa upande mwingine, hazikuwahi kutuangusha nyumbani. Tunachuma asubuhi umande ukikauka, tunda likiwa jekundu mpaka begani, tunakata kwa ukucha na kuacha kikonyo kifupi. Hatuoshi mpaka tunapokula. Mjukuu wangu amejifunza kuhesabu kwa kuzihesabu, na amejifunza kusubiri, jambo ambalo ni gumu zaidi.

Mpwa wangu amerudi kwenye kazi yake. Majuzi alinitumia picha. Nilidhani ni hesabu nyingine, nikatafuta miwani kwa wasiwasi. Lilikuwa tuta la mchicha na matembele nyuma ya nyumba anayopanga Kimara, udongo bado umelowa. "Nimemwagilia mwenyewe mjomba," aliandika. Sijawahi kupokea ujumbe wake ulionifurahisha kama huo.

Nawe msomaji unayeishi kwenye baridi, usinunue miche 5,000. Usinunue hata mia. Mtafute jirani mwenye stroberi umwombe marando matano, wengi wanayakata na kuyatupa. Yapande jioni ya leo, moyo usawa wa udongo, na kesho asubuhi urudi kuyakagua. Tundika daftari. Mwaka ukiisha na kurasa zikiwa zimejaa, ndipo uanze kuzungumza habari ya ekari. Kama kurasa ni tupu, umeshapata jibu, na limekugharimu marando matano ya bure.